Mmea wa Rafiki Yako

Umebisha saa mbili usiku, Musyimi,
na kitu umekifunga kwa gazeti la juzi.
Unasema ni mmea wa rafiki yako.
Unasema ni nyanya.

Kaa. Chai iko, maziwa hayapo.

Majani umeyanyofoa yote
ukaniletea shina tupu, urefu wa kidole cha shahada,
zambarau toka chini hadi kwenye kifundo,
lina mistari kama soksi za shule.
Mwanangu, miaka thelathini na mmoja nilikaa maabara ya udongo, Kabete.
Watu waliniletea mashamba yao ndani ya mifuko ya sukari.
Mimi nimestaafu, pua haijastaafu.
Haya. Ni nyanya.

Nyanya ya rafiki yako inalala wapi?
Juu ya paa, kando ya matangi.
Na huu ni mwezi wa saba, na hapa ni Uthiru,
ukungu unashuka kutoka Limuru bila kupiga hodi
na nguo zinakaa kambani siku tatu.
Baridi ya usiku huipandisha rangi hiyo;
mmea hujifunika kwa ulicho nacho.
Huenda si ugonjwa. Huenda ni blanketi.

Udongo uliuchota wapi?
(Ndiyo, rafiki yako. Aliuchota wapi?)
Kwenye msingi wa ile ghorofa mpya. Nilijua.
Mwekundu, mzuri wa macho, mchoyo wa moyo:
fosforasi unayo, lakini umeikumbatia
kama shangazi aliyeficha ufunguo wa kabati kifuani.
Mizizi inapapasa, inarudi mikono mitupu.
Kama majani ya chini yamekolea kijani cha giza
kisha yakaungua pembeni,
hiyo ni njaa.
Mboji, na unga wa mifupa. Jivu kiganja kimoja,
kiganja, Musyimi, si nusu debe.

Na huo mkebe wa rangi una tundu?
Hauna.
Basi mizizi inaogelea, na aliyelowa miguu hana hamu ya chakula.
Msumari wa inchi tatu, matundu matano. Leo.

Lakini sikiliza, kuna shina huzaliwa hivyo.
Mbegu ilikuja na rangi yake kutoka kwa mama.
Linarefuka, linakula, majani yake hayana kasoro,
ila ni zambarau na litabaki zambarau.
Ukilimwagia mbolea eti unalitibu, utaliua.
Halidaiwi na mtu.

Hapo ukaivuta skafu juu,
ukafunika shingo, upande wa kushoto,
lile baka.

Sikuwa nimelitaja. Sikuwa hata nimelifikiria,
Mungu shahidi,
nilikuwa naongea udongo.

Chai ikapoa. Bomba la jirani likakohoa, maji yakaja,
tukasikia ndoo zikipangwa ngazini
na hakuna aliyeinuka kati yetu.

Mlangoni ukauliza: nitajuaje ni ipi?
Hukusema rafiki.
Nikakwambia, ngoja mwezi wa tisa, joto lirudi.
Ya baridi, machipukizi mapya yatatoka kijani.
Ya njaa itapanda, jani kwa jani, mpaka juu.
Ya uzazi itakaa pale pale
na siku moja utasahau kuiangalia.

Na mahakama ya Kibera, nikaongeza,
haiulizi rangi ya shina.
Ulicheka. Ni mara ya kwanza kuyaona meno yako
tangu uanze kufunga na kufungua geti la hili jumba.

Kikonyo chako nimekitia kwenye jiko
pamoja na gazeti lake.
Nilidhani ni kidogo mno kuleta neno.
Ngazi nzima ikanuka, orofa nne,
na Mama Wairegi akapaza sauti kutoka chini:
nani huyo, anachoma nini?

Nyanya, nikamjibu.